Mashine ya Mulei na Mashimo ya Ua Wetu

Kanyangi, Kitui
14 Septemba 2024

Mpendwa kaka Ben,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Kazi ya huko Doha inaendeleaje, na ule mgongo umepoa? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na kugomba anagomba vizuri zaidi.

Ule ua uliotuagiza nimeuanza, lakini udongo wetu wa mfinyanzi umekauka, ukipiga jembe linaruka. Tena jembe linapanua mdomo wa shimo, nguzo inacheza. Nimechagua mtaimbo wa kuvunjia na mkebe wa rangi wa kutolea udongo. Mashimo manne kwa siku, lakini yamenyooka.

Sasa sikia. Jirani yetu Mulei alikuja asubuhi moja na mashine yake ya petroli ya kutoboa mashimo. Bure! Eti atachimba mwenyewe, mimi nikae na Mama ninywe chai. Mulei huyu ambaye hajawahi kutuazima hata kamba ya mbuzi? Nikajua ananyemelea mpaka. Nilimwambia mashine inalainisha kuta za shimo kama chungu, maji yatatuama na nguzo zitaoza. Ni kweli, lakini niliyekuwa nikimkataa ni yeye.

Kesho yake akarudi, akabembeleza tena. Nikazidi kumshuku. Nilichimba huku jicho moja liko kwake.

Nilipomaliza mashimo tisa ya mpakani nikageukia upande wa barabara, hatua tatu kutoka kona. Mtaimbo ukagonga kitu kigumu. Nikafukua kwa mikono: bikoni ya mpaka, ile ya zege yenye chuma katikati. Ndani ya shamba letu, Ben. Hizo hatua tatu tumezilima miaka yote, na mkonge wa mpakani ni Baba aliyeupanda.

Mulei alikuwa amesimama ng'ambo. Halafu akasema, "Mbinya, si nilikuambia uniachie hiyo kazi? Mzee wenu alikuja akaniomba msamaha kwa hizo hatua kabla hajafariki. Tukaongea, ikaisha. Mimi sikutaka nyinyi mjue."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Mama sijamwambia.

Yale mashimo tisa nimeyafukia. Ua utaanzia kwenye bikoni, na ukikasirika, kasirika ukiwa huko huko.

Msalimie binamu Mwau mnayeishi naye, na rafiki yako Mutisya. Mungu akufunike, akurudishe salama kwenye shamba letu, dogo kidogo kuliko lile uliloliacha.

Dada yako akupendaye,
Mbinya