Baba Amezidiwa

Mahongole, Makambako
Jumamosi

Kaka yangu Lenard,

Shikamoo kaka. Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umeshazoea kula samaki asubuhi, mchana na jioni, wewe uliyekuwa ukinuna ukikosa viazi. Mahali ulipo sipataji hata kwenye karatasi. Rehani, yule dereva wa fuso anayebeba mahindi yetu, amekubali kukufikishia mkononi. Mjibu kwa mdomo tu, usiandike kitu.

Kabla ya yote, kama simu yako bado umeizima, iache hivyo hivyo. Ukiiwasha utakuta ujumbe kutoka simu ya Ba'mdogo Benno unaosema Baba amezidiwa, njoo haraka. Nakujua. Utausoma mara moja na kuanza kutafuta gari, kwa sababu sisi watu wa huku hatupigi simu kusema mtu amekufa. Tunasema amezidiwa, na mwenye kusikia anafungasha nguo za msiba. Kaka, usije. Siku ujumbe ule ulipotumwa Baba alikuwa shambani anapalilia viazi, na aliporudi alikula ugali akaomba wa kuongeza.

Ba'mdogo alikuja mwenyewe kumwambia Mama, analia hadi kamasi zinamtoka. Alisema wanaume wawili walimfuata dukani kwake, wakadai wanataka tu kukuhoji kuhusu siku ya uchaguzi, pale ulipokuwa wakala wa chama ukakataa kusaini matokeo ya kituo chetu, ukatoka nje na kuwasomea watu kura zenyewe kwa sauti. Walimwamuru akuandikie. Yeye aliandika kwamba unaitwa nyumbani. Mmoja wao akaichukua simu, akafuta, akaandika mwenyewe hayo maneno ya kuzidiwa. Hapo ndipo niliposhikwa na baridi. Aliyeandika vile si mgeni. Amekulia huku, amezika huku, pengine tunakaa naye benchi moja kanisani. Ba'mdogo naye nilimtukana tusi ambalo siwezi kuliandika, na bado sijamwomba radhi.

Ulipokosa kutokea, walimfuata Baba. Walimkuta shambani, wakamsalimia vizuri kabisa, kamwene Mzee, wakamwomba aongozane nao kidogo. Kidogo! Mama alizunguka vituo vyote vya polisi, na kote aliambiwa hayupo na hajawahi kuletwa. Dorika wa jirani, ambaye tangu utoto wetu anaingia kwetu bila hodi, akaanza kupita njia ya nyuma. Simlaumu. Nasema uongo, namlaumu sana.

Jumatatu kijana wa bodaboda alimkuta Baba ameketi kando ya barabara ya Njombe, hana viatu, akamleta. Mgongo wake sitakuelezea. Tulipompeleka kutibiwa walitaka kwanza PF3, na fomu hiyo, kama unavyojua, inatoka polisi. Baba alicheka, kaka. Alicheka mpaka akakohoa damu, akasema turudi nyumbani. Alituambia walimuuliza jambo moja tu, ulipo wewe, na kwamba hawakulipata kwake. Kisha akatuapisha, mimi na Mama, kwamba lolote litakalompata usiambiwe, maana ukiambiwa utakuja.

Kiapo hicho nakivunja sasa, na Mama anajua. Baba amefariki jana asubuhi. Ule ujumbe ulikuwa uongo, wao wenyewe wameufanya kuwa kweli. Nimeona bora uyasikie kwangu kuliko uyasikie njiani kwa mtu mwingine, ukapanda gari ukidhani bado unamuwahi. Alinishika mkono akaniita kwa jina lako, nami nikaitika. Naumia mno kaka, na nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi.

Tunazika kesho. Kuna wageni waliofika msibani kabla ya majirani, kabla hata kilio hakijasikika nje. Wamesaidia kufunga turubai, wanapasua kuni, wanakula ugali wetu na kutupa pole. Mmoja wao amekuwa akiuliza kama mtoto wa kwanza ameshafika, kwa kuwa yeye ndiye wa kutangulia kutupa udongo kaburini. Anauliza kwa upole, kwa Kibena safi.

Mama alimsikia. Alinyanyuka pale kwenye mkeka, akamjibu kwa sauti mbele ya watu wote kwamba udongo nitatupa mimi Hosiana, kwa sababu mwanawe wa kwanza alishakufa. Yule mwanaume aliinamisha kichwa, akarudi kwenye kuni zake. Hakuondoka, wala wenzake hawajaondoka.

Basi lia huko huko uliko, kaka, lia kwa siri, na uwashukuru hao wanaokuficha. Ba'mdogo anakuomba msamaha, nami nimefikisha tu, uamuzi ni wako. Mama anakusalimu sana. Alinifuata jikoni, akaniambia nikuandikie kwamba yale maneno aliyoyasema pale nje hakuyamaanisha.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Hosiana