Mkono Ulioshika Simu

Machimboni, Geita

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na mtama, ndege wamewaachia kitu? Mimi ni mzima, ila kifua kinabana kwa vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Barua hii nimempa mwenzetu anayekuja huko nyumbani Mhunze, kwa sababu neno lililomo sitaki lipite kwenye simu. Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Ni habari ya rafiki yangu, marehemu Masanja. Siku ile duara, lile shimo tulilokuwa tunachimba, lilipofunga likamfukia, tulifukua kifusi tangu asubuhi. Tulipomfikia alikuwa ameshakata roho. Nilikupigia, nawe ukaniambia, "Usimwambie mtu. Habari ya msiba haipigiwi kelele, inapelekwa. Namchukua mjomba wake, twende kwa mama yake pamoja." Nikaitika.

Baba, ile video ya Masanja akivutwa kwa kamba, uso umejaa tope, niliipiga mimi. Nilipomaliza kuongea na wewe, mwenzangu mmoja akasema, "Shija, rusha kwenye grupu, wa maduara mengine watakutangulia!" Nikairusha. Nilitaka niwe wa kwanza. Watu wakaandika, "Umetisha, mtangazaji wetu," nami nikaona raha, Masanja amelala chini ya turubai hatua tatu kutoka nilipo.

Wewe ulivaa koti, mkatembea na mjomba wake kama inavyotakiwa. Mkaambiwa mama yuko sokoni. Kumbe muuza nyanya alikuwa ameshamwonyesha simu: "Mama Masanja, si mwanao huyu?" Mlimkuta ameanguka. Tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto haunyanyuki.

Nilipoleta mwili na kuchimba kaburi, alinisogezea ugali kwa mkono ule mmoja. "Kula, Shija. Wewe ndiye umenirudishia mwanangu." Kisha akawauliza waliokaa pale, "Huyo aliyekuwa anapiga picha, mikono yake ilikosa kazi?" Mimi niliinama nikaendelea kula.

Nimeifuta video hiyo, lakini haifutiki. Juzi imenirudia kutoka kwa mtu wa Chato nisiyemjua. Imewekewa wimbo, na chini watu wanacheka, wanasema marehemu alitolewa kafara ili dhahabu itoke. Mtu mwenyewe alikuwa anatafuta bati la nyumba ya mama yake.

Hapa nimemwomba msimamizi, amekubali: duara likifunga, simu zote zinaingia kwenye ndoo mpaka ndugu waambiwe kwa mdomo. Walinitania, "Shija siku hizi mchungaji!" Wiki iliyopita mmoja alivunjika mguu. Ndoo ilijaa, na mikono yote ikawa kwenye kamba. Asubuhi kabla ya kushuka tunamtaja Masanja kwa jina, ndipo tunashuka.

Mwambie mdogo wangu Kabula, picha ya mtu aliyeumia au aliyekufa ikimfikia, asiitume kwa mwingine hata kama ameandikiwa atume. Ajiulize kama mama wa mtu huyo ameshaambiwa. Nisalimie Mama, umweleze haya polepole. Msalimie na shangazi, nimesikia ndiye anayemwogesha Mama Masanja kila siku. Mungu amlipe.

Nakuja Jumamosi. Mama Masanja usimwambie wewe, Baba, maneno nitasema mwenyewe, na akinifukuza nitatoka. Naomba tu unipeleke kwake, na hodi ubishe wewe. Nikibisha mimi atafurahi, na sitaweza kumwambia akiwa amefurahi.

Ni mimi mwanao,
Shija