Asaa na Supu ya Juzi

Jumanne, 4 Juni

Mama kasukuma bakuli tena. Uji wa mahindi, ule ule aliokunywa maisha yake yote. Ati una ladha ya msumari. Tangu aanze dawa za saratani kila kitu msumari — maji, ndizi, hata mate yake. Kabaki mifupa. Nimechoka kubembeleza.

Jumatano, 5 Juni

Jirani yetu Maame Dufie kaleta asaa za shambani kwake, vile vitunda vyekundu. Kasema Mama amumunye kimoja, kisha nimkamulie ndimu kwenye uji. Wao utotoni walinywea hivyo tembo lililochacha.

Mama kamaliza bakuli. Kalamba na kijiko! Nikatoka uani nikalia.

Ijumaa, 7 Juni

Kumasi, hospitali. Uzito umeshuka tena. Nikamsimulia nesi habari za asaa, najitapa kabisa. Hakucheka. Kasema ndani ya tunda mna kitu kinang'ang'ania ulimi. Kichachu kikipita, ulimi unasema tamu. Kwa saa moja hivi tu, basi. "Ale tu, dada yangu. Ila hakimtibu."

Njiani Mama kauliza nesi kasemaje. Nikamwambia kasema tuendelee.

Jumapili, 9 Juni

Umeme hakuna tangu juzi. Mafua yamenibana, pua haipitishi kitu.

Mama kagoma kula peke yake. Yeye si mtoto mchanga, nikae tule wote, na asaa nimumunye pia. Nikapasha supu ya samaki na nyanya ya juzi, tukala na fufu ya muhogo. Tamu ajabu! Kanitania: "Ungepika hivi zamani, Serwaa, ungeshaolewa." Tulicheka mpaka akapaliwa. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini.

Jumatatu, 10 Juni

Mama anatapika tangu alfajiri.

Kaka yangu Ofori kafika asubuhi kutoka Accra. Kafunua sufuria, karudi nyuma. "Hii imechacha. Hukusikia?"

Sikusikia. Pua imeziba, na ulimi — uchachu wote uligeuka sukari. Nimemlisha Mama chakula kibovu, tena tukakisifia.

Nesi kasema kwenye simu mwili wake hauna nguvu ya kupambana na kitu kama hiki, tumlete haraka. Haraka kwa gari gani? Ofori kaenda kutafuta. Hajanisemesha.

Mama kanishika mkono. Wake wa baridi. "Usilie. Ilikuwa tamu." Kisha akaomba asaa. Kinywa kimerudi msumari, kasema, hataki kwenda nacho hivyo.

Imebaki moja kisahanini, imeanza kusinyaa. Ndimu ipo. Nikimpa atataka kunywa uji, akinywa atatapika, na hana tena cha kutapika.

Gari bado. Nimemwambia asubiri kidogo, kuna kitu naandika. Uongo — naandika ili nisimtazame. Kafungua mdomo, anangoja. Naweka kalamu.