Tuta Namba Tisa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo wako umekubali kunyooka, maana najua kule kwenye dobi la hospitali mashuka hayasubiri mgongo wa mtu. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Lile shuka ulilomtumia halitandikwi ila siku ya wageni, kwa hiyo mimi sijalilalia bado. Watoto wanauliza shangazi yao atakuja lini, na mimi nawajibu kama wakubwa wote tunavyojibu, yaani nawaambia wakanawe mikono. Mimi mwenyewe ni yule yule wa viatu. Kibanda kinavuja upande ule ule, na gazeti la kufungia viatu nalisoma kwanza kabla sijafunga, ndiyo maana wateja wanasema nachelewa.

Umeniuliza kuhusu binti wa fundi cherehani, kama masomo yake ya kilimo yamekwisha na kama tulichompa kimezaa. Habari ni ndefu na ni njema, ila ina kona moja mbaya ambayo nitaifikia. Wacha nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka bwana shamba wetu wa mwisho. Kazi yake kubwa ilikuwa kusaini kitabu cha wageni na kuulizia mayai. Alipostaafu, miaka minne iliyopita, hakuletwa mwingine, tukakutana ukumbini tukasema basi tutasomesha wa kwetu. Fedha ya kutoa mfukoni hakuna aliyekuwa nayo. Ndipo mwenyekiti, yule mwalimu mstaafu tunayemwita Nukta kwa sababu kila akimaliza sentensi hugonga meza kwa kidole, akatoa wazo lake: kila kaya itoe tuta moja katika shamba lake, na chochote kitakachoota juu ya tuta hilo, msimu hadi msimu, ni cha mwanafunzi. Kaya thelathini na mbili, matuta thelathini na mawili. Tukaupa mpango jina la Tuta la Masomo. Barua yako ilisomwa siku hiyo mbele ya wote, ile uliyoagiza kwamba katika shamba la marehemu mama litolewe tuta la mferejini, lile alilokuwa akilipalilia kabla ya mengine yote. Watu walipiga makofi mpaka mimi nikakaa wima kama nimepigiwa mimi.

Aliyechaguliwa kusomeshwa akawa huyo binti. Kamati ilimuuliza kwa nini asisomee uuguzi, kazi ya heshima na viatu vyeupe. Akajibu kwamba mtu akiugua hupelekwa hospitali, lakini shamba likiugua hutukanwa. Nukta aligonga meza mara mbili.

Kwa miaka hiyo yote, kila muhula alikuwa akinakili matokeo yake kwa mkono na kuyatuma yabandikwe kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Hata somo alilopata alama mbaya alilinakili, kwa herufi kubwa kama mengine. Wasiojua kusoma walisomewa wakiwa kwenye foleni, na wapo waliojua alama zake kuliko za watoto wao. Jirani yetu Birika naye alikuwa akitingisha kichwa kama profesa. Birika jina lake analijua, ila anadhani aliitwa hivyo kwa kupenda chai. Hakuna aliyemweleza kwamba tunausemea mkono wake, jinsi ulivyojikunja usimwage kitu.

Mwaka huu binti alikuja kwa kazi yake ya mwisho. Chuo kinamtaka kila mwanafunzi achunguze ardhi halisi, aandike ripoti, kisha mkufunzi aje mwenyewe kuikagua papo hapo shambani. Angeweza kuchagua popote. Alichagua matuta yetu thelathini na mawili. Alisema yaliyomsomesha ndiyo atakayoyasoma.

Dada, ungemwona kazini ungesahau mgongo. Ana buti za mitumba ambazo nimezishona mimi, na nakuambia kama fundi, zimekwisha kwenye vidole, wala si kwenye kisigino. Hicho ni kiatu cha mtu anayechuchumaa, si cha mtu anayepita. Alikuwa na chuma kirefu chenye meno ya kuzunguka kama parafujo. Anakizamisha sehemu tano katika tuta moja, anachanganya udongo ndooni, anachota konzi mbili, anatia kwenye mfuko na kuandika namba. Nyumbani aliutandaza ukauke juu ya magazeti, ndani ya chumba cha kushonea cha mama yake. Wiki hiyo hiyo mama mtu alikuwa na gauni la harusi la kushona. Gauni jeupe lilining'inia katikati ya vichuguu thelathini na viwili vya udongo, na siku ya kulichukua halikuwa na hata chembe. Sijui nimsifu nani zaidi kati ya wale wawili.

Majibu ya maabara yalipofika, aliomba mkutano. Alisimama na karatasi mkononi, sauti ikimtetemeka, akatuambia kwamba ardhi yetu inakufa. Udongo ni mchachu, hauna rutuba, na sehemu nyingine hauna hata minyoo. Alishauri bonde zima liache mahindi misimu miwili, tupande jamii ya kunde na kutia chokaa ya kilimo. Aliomba radhi kwa kutuletea habari hiyo, kana kwamba ni yeye aliyeuharibu.

Watu walianza kukanyagana miguu chini ya mabenchi. Unajua kwa nini? Kwa sababu msimu uliopita tulivuna mpaka magunia yakalala nje. Ardhi yetu haina ugonjwa wowote. Wenye ugonjwa ni sisi. Kila kaya ilipoambiwa itoe tuta, ilitoa lile ambalo hata mbwa hapendi kulalia, na ada ilitoka kwenye kidogo kidogo cha matuta hayo pamoja na cherehani ya mama yake. Na mtoto wa watu amekusanya taka za kila shamba, amezipima kwa uaminifu wote, kisha amelia kwa ajili yetu.

Aliuliza, basi, kama udongo uko hivi, yale magunia aliyoyaona yalitoka wapi. Birika akamjibu kwamba ni baraka tu, mwanangu. Mwanamke mmoja nyuma alikohoa kicheko akakigeuza kuwa mafua. Wengine tulitazama viatu vyetu, na kwa kuwa vingi nilivishona mimi, nilikuwa na mengi ya kutazama.

Kesho yake walikuja kibandani mmoja mmoja, wakijifanya soli zimewaachia. Wote walikuwa na hoja moja: tumwache tu aende na ripoti yake, karatasi ni karatasi, atafaulu. Nukta ndiye aliyetutia baridi. Alisema yule mkufunzi hutembea na chuma chake mwenyewe na huchimba popote mguu wake utakaposimama. Mwaka jana alimrudisha mwanafunzi mmoja akiwa bado ukingoni mwa shamba. Akija Alhamisi, kama chuo kilivyopanga, akachimba katikati ya mahindi yetu na kukuta udongo mweusi unaonukia, ataisoma ripoti inayosema bonde linakufa, na binti atarudia mwaka. Na mwaka wa tano hauna tuta, maana mwanafunzi wa pili ameshachaguliwa na matuta yanahamia kwake. Kurudia ni sawa na kufukuzwa. Miaka minne itaishia kwenye mlango wa mashine ya kusaga.

Nikasema moyoni, hapa lazima mtu aseme, na mtu huyo ni mimi, mwenye macho. Jumanne asubuhi nilichukua buti za binti nilizokuwa nimezimaliza nikaenda. Nilimkuta kwenye meza ya kukatia vitambaa, anaandika. Nikamwaga yote. Tuta la Birika ndilo alilokuwa akitupia chupa zilizovunjika. La Nukta, pamoja na heshima zake, lipo pale ng'ombe wanapopita kwenda kunywa. La mwenye mashine ya kusaga ni kokoto tupu, alitaka kulifanya njia ya mkokoteni. Nilitaja moja baada ya jingine, na nilisema vizuri, dada, maneno yalikuwa yananijia kama ya gazetini. Yeye aliandika bila kuinua kichwa. Nilipomaliza aliniuliza kwa adabu zote: na namba tisa, mjomba?

Dada, kama umesimama, kaa. Namba tisa ni letu.

Sikutoa tuta la mferejini. Nilitoa lile la pembeni chini ya mikaratusi, ambalo magugu yenyewe huwaza mara mbili kabla ya kuota. Na sikuwa mmoja wa wengi. Nilikuwa wa kwanza, maana namba hizi ni za mifuko ya binti, si za zamu ya kutoa. Kwa sababu ya makofi yale, jina lako liliitwa kabla ya yote, na watu walinifuata mpaka shambani kuliona tuta la yule dada mwenye moyo. Nilisimama mferejini, nikautazama ule udongo, mguu ukaninyanyuka wenyewe ukaenda pembeni. Walipouliza, niliwaambia umebadili mawazo, umeona la mikaratusi lina kivuli kizuri. Nilikusingizia, dada yangu. Birika alilitazama tuta, akanitazama mimi, akatabasamu. Kisha kila mmoja akaenda kwake kutoa kwa kipimo hicho. Wakati wote uliokuwa ukiniandikia kuuliza tuta la mferejini linaendeleaje, nilikujibu linaendelea vizuri, na sikudanganya, lilikuwa linaendelea vizuri nyumbani kwangu. Vile vitunguu nilivyokuletea kwa dereva wa lori, ukaandika kwamba vina mkono wa mama, vilitoka hapo.

Nilimweleza binti hivi hivi. Hakunigombeza. Aligeuza karatasi ya maabara akanionyesha: namba tisa ndilo baya kuliko yote. Alisema alilipima mara mbili akidhani amekosea kuandika namba, kwa kuwa alikuwa amesikia tangu utoto habari za shamba la mama yetu. Halafu akavaa buti, akaniambia nimpeleke mferejini.

Kufika saa sita watu walikwishaona anachimba kwetu. Birika alikuja mbio kuonyesha tuta lake zuri kabla sijamsema, hajui kwamba nilishamsema. Siku mbili zile hakupumzika. Kila kaya ilimpeleka kwenye udongo wake bora, wengine wakigombana na wake zao lipi ndilo bora. Maabara ni mbali, hivyo alipima kwa vile vikaratasi vyake vinavyobadilika rangi, na rangi ilisema kweli. Ripoti akaiandika upya tangu mwanzo: tuta baya na tuta zuri la kila kaya, ubavu kwa ubavu, kwa nini hili limechoka na lile hapana.

Lakini aliongeza safu moja kwenye jedwali, ya sababu ya kulitoa tuta, na akasema haijazi yeye. Karatasi ikazungushwa. Watu wakaandika mawe, mteremko, lipo njiani. Ilipofika kwangu niliandika: Uchoyo, wa kaka, si wa dada. Nilidhani nitachekwa. Nukta alisoma, akaomba kifutio, akafuta mteremko wake, akaandika: Kama namba tisa. Karatasi ikarudi ilikotoka. Mpaka jioni kifutio cha fundi cherehani kilikuwa kimekwisha, na Birika peke yake aliandika: Mawe, na kiasi fulani kama namba tisa.

Mkufunzi alikuja Alhamisi. Ni mtu mfupi, mkimya, suruali amechomeka kwenye soksi. Alichimba mferejini, akachimba chini ya mikaratusi, akakaa juu ya ndoo kusoma ripoti. Alipofika kwenye ile safu alisoma polepole, nadhani alirudia. Akamuuliza binti ingekuwaje kama hakuna aliyemwambia. Binti alijibu mbele yetu wote kwamba angeanguka na angestahili, kwa kuwa alichimba pale tu alipoonyeshwa, na hilo lilikuwa kosa lake, si la wenye mashamba. Dada, nilitamani kuingia kwenye shimo alilolichimba mkufunzi. Sisi ndio tuliomdanganya, na yeye ametafuta sehemu yake ya kosa akaikuta. Mkufunzi alisaini juu ya boneti ya gari. Amefaulu.

Sasa ndiyo sababu ya barua yenyewe. Anarudi kwetu baada ya mahafali, na alipoulizwa anataka zawadi gani, ameomba yale matuta thelathini na mawili mabaya, kwa misimu mitatu, ayatibu tukiona kwa macho yetu. Mwanafunzi wa pili atapewa mengine, na safari hii atayachagua yeye binti. Kaya zote zimekubali. Tumebaki sisi. Kwa namba tisa anasema mikaratusi miwili lazima ikatwe, ile miwili uliyoipanda wewe na marehemu baba mwaka ule kabla sijaanza shule. Nilifungua mdomo nikubali. Akanizuia. Amesema jibu la namba tisa analitaka kwa mwandiko wa dada mwenyewe.

Kwa hiyo niandikie, dada. Ukisema ikatwe, nitaikata kwa mkono wangu. Ukisema isikatwe, nitakwenda kumwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Ukitaka kunitukana, anza na hilo, kisha unijibu. Safari hii sitaki kusema chochote kwa jina lako.

Wasalimu wote wa kazini kwako na yule mama mwenye nyumba. Fundi cherehani na binti yake wanakuamkia. Mke wangu na watoto wanakukumbuka kila siku, na mimi ninayeandika nakutakia afya na usingizi mzuri.

Ni mimi mdogo wako asiyestahili makofi yale,

Fundi viatu