Anayekula na Kukonda

Isiolo, 4 Agosti 2018

Kwa dada Natabo,

Habari ya Kinna na dispensari yako? Bado unakohoa ama vumbi imekuzoea? Mimi niko mzima, tena kupita kiasi. Simu ilikanyagwa na ngamia hapa sokoni, kwa hivyo barua nampa Tadicha wa lori. Usicheke mwandiko. Mkono unatetemeka siku hizi, nadhani ni kalamu.

Habari kubwa: mwezi ujao jeshi linaandika vijana, kule Burat. Kwa mbio nani atanishika? Shida ni kilo. Wanataka hamsini na tano. Nakula ugali ya watu watatu, mama wa hoteli ananiita shimo, lakini Mbae, mpimaji wa mbuzi ninaobeba hapa sokoni, akinipandisha kwa mizani ya mbuzi, kila wiki napungua. Juzi hamsini na sita. Nimemwambia mizani yake ni mwongo.

Halafu nalala bila shati, na baridi ya Agosti hii! Wenzangu wanajikunyata, mimi natoa jasho. Hiyo ni nguvu, dada. Mashujaa tuko hivi.

Nduguyo, simba wa soko,
Ekitela

Kinna, 9 Agosti

Ndugu yangu Ekitela,

Kikohozi kimeisha, asante. Huku tu salama. Barua yako nimeisoma mara tatu na sikucheka.

Sikiliza. Mwili hauli kwa sababu ya kubeba mbuzi peke yake. Hata ukilala bila kukunja kidole, unakula: moyo unapiga, maini yanafanya kazi, ubongo hausinzii, joto lazima likae. Sehemu kubwa ya ugali wako inaishia huko. Sasa kuna tezi ndogo shingoni, ndiyo inayoamua moto huo uwe mkubwa kiasi gani. Yako naogopa imefungulia gesi yote. Chakula kikiisha, moto unakula nyama yako.

Ukiamka, kabla hujaketi, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, uhesabu mapigo dakika nzima. Jipapase na shingo. Niandikie. Mbio ziache kwanza.

Dadako,
Natabo

Isiolo, 18 Agosti

Kwa Daktari Natabo (ati),

U mzima? Wagonjwa wako bado wanakutoroka?

Nimehesabu. Mbae alipata sitini na sita. Mimi, nikiwa nimelala: mia moja ishirini na nane! Nimemshinda karibu mara mbili. Shingo imejaa kidogo, hiyo ni misuli.

Na hiyo tezi yako wachana nayo, nimeshajitibu. Mnyama akila na bado anakonda, ana minyoo. Hata mtoto wa kwetu anajua. Nimekunywa dawa ya minyoo ya mbuzi, kipimo cha beberu mkubwa. Nimeharisha siku mbili, minyoo sijaona hata mmoja. Sasa niko hamsini na tatu. Siku ya kupimwa nitakunywa maji lita tatu, kwisha. Mama usimwambie.

Nduguyo, kurutu mtarajiwa,
Ekitela

Kinna, 23 Agosti

Ekitela,

Salamu baadaye. Wewe si mbuzi!

Moyo unaokwenda mia na ishirini na nane kitandani, ukiusukuma kwa mbio unaweza kuvurugika na kusimama. Nenda hospitali wapime damu. Dawa ipo, ni tembe tu, na utanenepa. Jeshi litaandika tena mwaka mwingine. Wewe ukifa, nitakuandika tena wapi? Niko peke yangu dispensari hapa, siwezi kutoka leo. Tafadhali.

Dadako,
Natabo

Isiolo, 1 Septemba

Dada yangu,

Hujambo? Usikasirike. Hospitali nilienda, foleni ikanishinda, nikatoka. Jumatano nitarudi, hilo ni neno la mwanaume. Lakini Jumanne nakimbia. Nimechoka kubeba mbuzi ya watu.

Jana nilishindwa kupanda lori. Magoti yalikataa. Nikawaambia nimeteleza, wakacheka, na mimi nikacheka. Leo kuna homa kidogo. Mbae hataki kunipima tena, anasema naharibu mizani. Mjinga huyo, alikuwa na machozi.

Niombee tu.

Nduguyo,
Ekitela

Isiolo, mlangoni kwako, Jumanne 4 Septemba, asubuhi

Ekitela,

Barua yako nimeipata jana jioni. Dispensari nimeifunga, Tadicha amenileta. Jirani yako anasema umetoka alfajiri, umekula chapati sita umesimama, jasho linatiririka, unamtania.

Tembe ninazo mkononi. Nakwenda Burat sasa hivi. Karatasi hii naipitisha chini ya mlango, tusije tukapishana. Ukirudi kabla yangu, keti. Usinifuate, usibebe chochote, usimwonyeshe mtu yeyote ubingwa wako. Keti tu, uningoje.

Nilikuwa nakunja karatasi, vijana wawili wakapita na namba zao kifuani, wanatoka huko. Nimewauliza kama wanamjua Ekitela wa sokoni. Wametazamana. Kisha mmoja ameniuliza polepole, "Wewe ni nani wake?"

Dadako,
Natabo