Kumshikia Mkubwa Foleni

Kabiria, Nairobi
12 Novemba 2006

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti linaendeleaje, na usingizi unaupata? Mimi najaribu kula. Tangu tumzike Joash chakula hakipiti kooni, lakini kazi yangu ya nyumba kule Kileleshwa haijui matanga.

Mama, unamjua mwanao. Angeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kumbe upole ule, pamoja na utarishi wa ofisi, ndio uliommaliza. Yeye na mkubwa wake, Bwana Ndegwa wa Loresho, walikuwa na ugonjwa mmoja, presha. Bwana Ndegwa ni mtu wa kelele. Akicheleweshwa kidogo, kliniki nzima inajua. Basi siku zake za daktari Joash alitumwa mapema mjini kumshikia foleni. Mkubwa akifika, ameshakunywa chai yake, Joash anainuka kwenye benchi. Nilimwuliza mbona naye asijiandikishe, maana ofisi iliwalipia wafanyakazi wote matibabu pale. Alicheka, akasema pale ni pa wakubwa, yeye ataenda siku akipewa ofu.

Mazishini walisema alianguka ghafla njiani. Sivyo, Mama, na inaniuma sana kukuandikia haya. Nesi Hannah, aliyekuwa zamu, amenieleza. Joash alianza kushika kichwa akiwa pale pale kwenye benchi. Hannah akamwuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana, amekaa tu kwa niaba ya mtu. Likaitwa jina la Bwana Ndegwa, akasimama aseme mkubwa yuko njiani, na hapo ndipo alipoanguka, mlangoni kwa daktari. Bwana Ndegwa alipofika alilia, sitamsingizia. Kisha akaingia akapimwa, kwa kuwa ilikuwa zamu yake.

Ndugu yangu amekufa kwa adabu, Mama. Nimelia mpaka macho yamekauka.

Hannah alinipima mimi pia. Presha ninayo. Nimemwambia Mama Waceke, mwajiri wangu, kwamba Alhamisi siji kazini, naenda kliniki. Alinuna, lakini sikuomba radhi.

Nawe najua kule zahanati humpisha mke wa chifu kila mara. Nakusihi, usimpishe tena. Keti hapo hapo mpaka uitwe jina lako.

Wasalimie majirani wote waliotushika mkono.

Ni mimi, mtoto wako aliyebaki,
Naliaka