Njia ya Tone la Damu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako imefika salama ndani ya bahasha. Shangazi yako amehamia Mwananyamala na wanawe. Mimi nimesalia hapa Temeke pamoja na redio.

Umeniuliza, majibu ya maabara yenu yakikosewa, achunguzwe nani kwanza? Naomba kukujibu kwa jambo lililonipata zama za Mwingereza, nilipokuwa mpokeaji wa damu za wagonjwa zilizoletwa kupimwa katika maabara ya hospitali.

Mama mmoja alipewa majibu ya mwenziwe. Lawama zilimwangukia rafiki yangu Hamisi, msomaji wa darubini, naye akasimamishwa kazi. "Macho yake yamechoka, anahesabu vimelea na kope zake," wenzetu walicheka.

Sikuridhika, lakini wiki kadhaa zilipita kabla sijachunguza. Nilichora sakafuni kwa chaki mlango, dirisha na meza ya darubini, kisha nikapitisha punje za kunde, moja kwa kila kipande cha kioo kilichopakwa damu, kama kazi ilivyokuwa ikienda. Zilipofika dirishani, tulipoanika vioo vikauke, sikuweza kuzitofautisha. Namba za wagonjwa tuliziandika baada ya vioo kukauka, na mwandishi wake nilikuwa mimi.

Kwa heshima zote nilimwandikia Daktari nikikiri hayo, nikaomba namba itangulie damu, na Hamisi arudishwe. Yote yalikubaliwa.

Hamisi, aliyezoea kuniita yakhe, alirudi akanisalimu, "Bwana Salehe, habari za kazi?" Hakuniita yakhe tena hadi tulipostaafu.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, anza na meza yako, na uanze mapema kuliko nilivyoanza mimi.

Babu yako akukumbukaye,
Salehe